Fundo la Pindoni: Namna ya Kumuenzi Mama kwa Neno Alilokupa

Mama wa pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado akimaliza kuuza samaki, pesa huifunga pindoni. Noti huikunja mara tatu, mara nne, hadi ibaki ndogo kama punje ya hindi, akaizungushia ncha ya kapulana aliyojifunga na kulikaza fundo kwa meno. Kesho yake mtoto anapodai daftari, fundo lile lile hufunguliwa taratibu, maana limegandishwa na jasho na chumvi, na pamoja na noti hutoka neno: nenda mwanangu, usirudi nyuma, hata hili utaliweza. Noti haifiki jioni. Neno laweza kukaa miaka 50.

Mwongozo huu unahusu hilo la pili. Ninachokushauri ni kwamba heshima ya mama haijatimia mpaka ulijue neno lililokusukuma, ulihifadhi kama lilivyosemwa, na umrudishie mwenyewe habari ya kazi ambayo neno hilo limefanya. Zawadi ni njema, na tarehe 7 Aprili, Siku ya Mwanamke wa Msumbiji, kapulana mpya zitaendelea kung'aa kuanzia Palma hadi Pemba. Lakini itazame siku yenyewe. Ilichaguliwa kwa sababu Josina Machel alifariki tarehe 7 Aprili 1971, mjini Dar es Salaam, akiwa na miaka 25 na mtoto mdogo. Alikuwa akisimamia Idara ya Mambo ya Jamii ya FRELIMO, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kuwahimiza watu wawapeleke binti zao shule katikati ya vita vya ukombozi. Taifa zima limeweka siku kwa ajili ya mama kijana ambaye alichowaachia wengine kilikuwa himizo.

Utauliza kwa nini neno liwekwe mbele ya kitu. Jibu limo katika historia ya karibu ya pwani hii. Mwanamke wa kaskazini aliweka kasha la kapulana: hii ya harusi, hii ya kujifungua, hii ya msiba wa fulani, na siku ya mwisho kasha likagawiwa mabinti. Lilikuwa kumbukumbu ya maisha yake. Kisha ikaja tarehe 5 Oktoba 2017, Mocímboa da Praia iliposhambuliwa. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikapiga visiwa vya Quirimbas na bara iliyo mkabala navyo. Oktoba 2020 mashua zilikuwa zikishusha watu ufukweni Paquitequete, mjini Pemba, siku baada ya siku, na tarehe 24 Machi 2021 zamu ya kushambuliwa ikawa ya Palma. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia. Mtu anayeingia mashuani na watoto watatu habebi kasha. Picha, vyeti, kapulana za miaka 30, vyote vilibaki kwenye nyumba ambazo nyingine hazipo tena. Neno la mama halikuhitaji nafasi mashuani. Lilivuka na kila mtu aliyekuwa amelishika.

Usitulie kwa hilo, kwa sababu neno nalo hufa, ila hufa kwa njia yake. Halichomwi moto; hulainika likapoteza umbo. Mtu akifika umri wa makamo husema "mama alinitia moyo sana," na ukimuuliza alisema nini hasa, hana jibu. Lile neno lenye siku yake, lenye sauti na hasira na kicheko chake, limekwisha kuwa sifa ya jumla ambayo yeyote angeweza kusema juu ya mama yeyote. Hapo ndipo kazi yako inapoanzia.

Ukimuuliza mama moja kwa moja alikutia moyo vipi, atacheka, au atajibu kwamba alifanya kama mzazi mwingine yeyote, na mazungumzo yataishia hapo. Si unyenyekevu peke yake unaomzuia. Mama hakuwa akitoa hotuba. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi huku akimjibu mtoto anayelia. Neno lake limeshikamana na kazi, kwa hiyo lifuate kazini. Kaa naye akichagua mchele au akisuka ukili. Kaa naye akisugua kijiti cha msiro juu ya jiwe lililotiwa maji, duara juu ya duara, mpaka maji yawe meupe na mazito kama tui bubu. Nawe shika kazi. Mtu ambaye mikono yake imeshughulika husema bila kujipanga. Kisha muulize tukio, usimuulize maoni. Siku niliyofeli mtihani nikagoma kurudi darasani, ulifanya nini? Ni nani aliyesema niachishwe shule, nawe ulimjibu vipi? Na swali ambalo watoto wengi hawakuwahi kuwauliza mama zao: wewe mwenyewe, mama, nani alikutia moyo? Hilo la mwisho lipe nafasi kubwa kuliko yote, kwa sababu mara nyingi utagundua kwamba neno ulilodhani ni la mama ni la bibi, na huenda bibi naye alilipokea kwa mtu mwingine. Ukishauliza, nyamaza. Kimya cha dakika nzima kwa mtu mzima si dalili kwamba hana la kusema. Yumo ndani anatafuta.

Neno ulilolipata liandike kwa lugha iliyolisema. Pwani hii ina Kimwani, ina Kimakwe upande wa Palma na Quionga, ina Shimakonde inayoshuka kutoka uwanda wa Mueda, ina Emakhuwa kusini, na Kiswahili kinapita kati ya zote. Kireno ni lugha ya shule na ya ofisi, na mtoto aliyesoma hushawishika kuliandika neno la mama kwa Kireno ili lionekane na uzito. Afanyapo hivyo huliondolea uzito liliokuwa nao, kwa sababu mama hakulisema hivyo. Na usimhesabu mama kuwa hajui kusoma kwa kuwa hakuingia shule ya Kireno. Zipo barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu huku kaskazini katika karne ya 19, na zimehifadhiwa Maputo katika hifadhi ya nyaraka za taifa. Kama mama alipita chuo cha Kurani na mkono wake bado unazimudu herufi hizo, mpe karatasi aandike neno lake mwenyewe, hata kama ni mstari mmoja uliopinda. Karatasi hiyo haina bei.

Wengi sasa wana simu, na simu hurekodi sauti, jambo ambalo kasha halikuweza. Itumie, lakini kwa adabu. Mwombe ruhusa kwanza, mweleze sauti itakaa wapi na nani ataisikia. Mwanzoni mwa rekodi taja tarehe, mahali, na waliokuwepo. Nakala moja mpe ndugu yako anayeishi mji mwingine, ili maji au moto wa nyumba moja usizimalize zote. Usiitupe kwenye makundi ya simu; katika nchi iliyopita vitani, jina la kijiji au la mjomba lililotajwa bila nia mbaya laweza kumfikia mtu asiyestahili, na mama aliyekusimulia alikuwa akizungumza na mwanawe, hakuwa akiuambia ulimwengu.

Kisha inakuja sehemu ambayo wengi huiruka, nayo kwangu ndiyo moyo wa jambo lote: mrudishie habari. "Asante mama kwa kila kitu" ni shukrani inayofunga mlango, haimwambii chochote alichokuwa hajui. Mama hajui ni lipi kati ya maneno yake elfu lililoota. Mwambie: siku ile uliposema kwamba aliyeanguka njiani bado yuko njiani, nilikuwa nimekwisha amua kuacha, sikuacha, kazi hii ninayoifanya leo ilitoka hapo. Taja siku, taja neno, taja matokeo. Anna Jarvis, Mmarekani aliyeanzisha Siku ya Mama mwaka 1908 kumkumbuka mama yake, alikuja kupambana hadharani na wauzaji wa kadi zilizochapwa, akitaka mtoto aandike barua kwa mkono wake. Alikuwa ameliona tatizo lenyewe: kadi iliyochapwa yaweza kumfaa mama yeyote, kwa hiyo haimhusu wa kwako.

Yupo atakayesema kwamba neno haliwezi kuwa na nguvu yote hii, kwamba tunawapamba mama zetu kwa mapenzi tu. Na tuutazame ushahidi. Graça Machel alizaliwa mwaka 1945 huko Gaza, kusini mwa Msumbiji, baba yake akiwa amekwisha fariki. Baba huyo alikuwa ameacha usia kwamba mtoto aliye tumboni asomeshwe. Usia wa marehemu ni maneno. Aliyeyafanya yawe mwili ni mama mjane na watoto wakubwa wa familia, katika nchi ya kikoloni ambako msichana mweusi kufika sekondari lilikuwa jambo la nadra. Mwaka 1975 mtoto huyo akawa Waziri wa Elimu wa kwanza wa Msumbiji huru. Mwaka 1996 akaukabidhi Umoja wa Mataifa ripoti juu ya watoto na vita iliyobadili namna dunia inavyolitazama suala hilo, na kazi inayofanywa leo kwa ajili ya watoto waliokimbia Cabo Delgado inapita katika njia ambayo ripoti ile ilisaidia kuifungua. Sisemi neno la mama peke yake ndilo lililofanya yote. Zilikuwepo shule za misheni, ulikuwepo ufadhili wa masomo, yalikuwepo mapambano ya ukombozi. Nasema kwamba hayo yote yasingemkuta mtoto huyo mahali pake kama mjane wa Gaza angesema ya nini kumsomesha binti.

Tazama na kaskazini ya pwani yetu, kisiwani Pate, mwaka 1858. Mwana Kupona binti Mshamu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake, Mwana Hashima, utendi wa mawaidha. Mgonjwa huyo alifariki muda si mrefu baadaye. Utendi wake bado unasomwa na kufundishwa. Wako wanawake wasomi leo wanaoupinga waziwazi kwa yale unayosema juu ya utii wa mke, nao wana haki ya kuupinga. Hilo halivunji hoja yangu. Kulihifadhi neno la mama si kukubaliana nalo kila mahali. Ni kuhakikisha lipo, ili vizazi vizungumze nalo. Binti anayebishana na mama yake baada ya miaka 160 na zaidi bado amekaa naye mkekani.

Pingamizi zito zaidi ni la tumbo. Maneno hayajazi chungu, na mama anayeishi chini ya turubai huko Metuge au Ancuabe hahitaji kurekodiwa, anahitaji unga, dawa ya presha na paa. Ni kweli, na nisingependa mtu autumie mwongozo huu kukwepa wajibu. Anza na chungu. Hakikisha laini ya simu ya M-Pesa au e-Mola imesajiliwa kwa jina lake mwenyewe, ili asiombe ruhusa ya mtu kuitoa pesa uliyomtumia. Kama vyeti vyake vilipotea katika kukimbia, fuatana naye ofisini apate kitambulisho kipya, simama naye foleni, na hakikisha jina limeandikwa jinsi yeye anavyojiita. Hiyo nayo ni heshima, tena kubwa. Ila usidhani chungu kikijaa kazi imekwisha. Mama anayetumiwa pesa kila mwezi bila neno huanza kujiona mzigo juu ya mgongo wa wanawe. Mama anayetumiwa pesa hiyo hiyo na kuambiwa kwamba ni tunda la neno lake anajua kwamba anakula mavuno ya shamba alilolima yeye.

Wengine husema himizo bila njia ni ukatili: unamwambiaje mtoto asome wakati shule imechomwa? Naelewa uchungu wao. Lakini himizo la mama mara nyingi hufanya kazi hasa pale njia inapokuwa imezibwa, kwa sababu wakati huo ndipo sauti nyingine zote zinapokuwa zikisema acha. Binti wa miaka 15 katika familia iliyokimbia huonekana mdomo wa kulishwa, na mchumba akitokea, ndugu huona unafuu. Sheria namba 19 ya mwaka 2019 inakataza mtoto aliye chini ya miaka 18 kuozwa au kuishi kinyumba na mtu. Lakini sheria ipo Maputo, na kikao cha ndugu kipo hapa, jioni hii. Mama anayesimama kwenye kikao hicho akasema huyu haolewi, shule ikifunguliwa ataanza, ndiye anayeileta sheria mpaka mlangoni, ajue au asijue kwamba ipo. Kama mama yako aliwahi kusimama hivyo, muulize ilikuwaje, na andika majibu yake kwa uangalifu kuliko yote.

Pingamizi la mwisho husemwa kwa sauti ya chini, na linataka kujibiwa kwa upole. Wapo ambao mama hakuwatia moyo. Wapo walioambiwa hawafai. Ndugu yangu, kama ndiyo hali yako, usijilazimishe kumzulia mama maneno mazuri. Kumtafutia radhi ni jambo moja, kusema uongo ni jingine, na dini haikukutaka useme uongo. Angalia kwanza kama alikuwa mama wa mikono na si wa maneno. Kwa Wamakonde kuchonga ni kazi ya wanaume na kufinyanga ni ya wanawake, na binti hujifunza udongo kwa kuitazama mikono ya waliomtangulia. Reinata Sadimba, aliyezaliwa mwaka 1945 katika uwanda wa Mueda, alikulia katika mafunzo hayo, kisha akatoka kwenye vyungu akaingia kwenye sanamu za udongo zilizomfanya ajulikane mbali na Msumbiji. Himizo la namna hiyo huwezi kulirekodi, lakini unaweza kulieleza: alikuwa akisogea pembeni ili niione kazi.

Na kama hata hilo halikuwepo, mtafute aliyeshika nafasi. Utafiti ulioanza kisiwani Kauai, Hawaii, kwa watoto 698 waliozaliwa mwaka 1955 uliwafuata kwa miongo kadhaa. Kati ya waliozaliwa katika mazingira magumu zaidi, kama theluthi moja walikua wakawa watu wazima imara, na jambo mojawapo lililojitokeza kwao ni mtu mmoja wa karibu aliyewajali bila kuyumba, ambaye mara nyingine alikuwa bibi au shangazi. Pwani yetu haikuhitaji kuambiwa na Hawaii. Hadithi ya Mtume iliyopokewa na Bukhari inamweka mama mdogo na mama mkubwa katika daraja ya mama, na Wamakonde na Wamakua, wanaohesabu ukoo kwa upande wa kike, wanampa mjomba sauti nzito juu ya mtoto wa dada yake. Mwongozo wote huu unamfaa aliyekulea na akakusukuma, hata kama hakukuzaa.

Kama mama amefariki, mengi bado yapo mikononi mwako. Hitima na sadaka unazijua. Ongeza hili: watafute rafiki zake, wale aliokwenda nao ufukweni bamvua kuokota kome na chaza, walioimba naye tufo. Kuwaunga rafiki za wazazi ni sehemu ya wema kwa wazazi, na rafiki wa mama ana maneno yake ambayo wewe hukuyasikia kwa sababu yalisemwa ulipokuwa umelala. Na kama mama hajulikani alipo tangu siku ya kukimbia, usiandike juu yake kama marehemu kwa kuwa watu wamechoka kungoja. Andika kama mtu anayeandaa habari za kumpa atakaporudi.

Kinachobaki ni kulitumia neno. Hapa kuna tahadhari moja. Mwaka 1998 Claudia Mueller na Carol Dweck walichapisha majaribio waliyowafanyia watoto wa darasa la 5 huko Marekani: waliosifiwa kwa akili zao walivunjika moyo walipokutana na maswali magumu, waliosifiwa kwa juhudi waliendelea kujaribu. Likague neno la mama yako kwa kipimo hicho, nawe utaona kwamba maneno yaliyokaa miaka mingi si yale ya "wewe ni hodari kuliko wenzako." Ni yale ya "rudi tena kesho." Basi siku mtoto wako atakapodai daftari, lifungue fundo, mpe pesa yake, mwambie neno lile kwa lugha yake, na umtaje aliyelisema: bibi yako alisema hivi, siku fulani, tukiwa mahali fulani. Akiuliza bibi alikuwa mtu wa namna gani, msikilizishe ile sauti uliyoirekodi. Kisha mwache aende, shule huanza mapema.